Kiuno Kinachouma Hakitaki Kitanda

Ndugu mtumikaji, kila asubuhi katika dispansari shauri ni lile lile: kiuno. Huyu anaomba sindano, yule anaomba mkanda wa kufunga kiunoni, wa tatu anaomba karatasi ya kulala nyumbani siku 3. Na kuna yule asiyefika kabisa, sababu anaogopa kapita atasema: "Huyu hawezi tena kazi." Anaficha maumivu mpaka siku anaposhindwa kuinama afunge kamba za viatu.

Kwa kiuno kilichouma zaidi ya miezi 3, mimi nasema wazi: kitanda kinazidisha ubaya. Mwezi wa 12 mwaka 2023, OMS ilitoa mashauri yake juu ya ugonjwa huu. Maumivu ya kiuno yalishika watu karibu milioni 619 duniani mwaka 2020. OMS inapendelea mazoezi na kumfundisha mgonjwa. Mkanda haiushauri, wala dawa za jamii ya tramadol, ambazo wengine wanazinunua kama pipi.

Sababu yake mchimbaji ataielewa upesi. Ndani ya shimo, udongo wa juu unashikwa na miti tuliyoisimamisha. Mgongo nao unashikwa na nyama za tumbo, za kiuno na za matako. Ukilala juma zima, miti hiyo inalegea.

Wahindi wana mazoezi ya zamani yaitwayo yoga, yanayonyoosha mwili na kuutia nguvu polepole pamoja na pumzi. Waganga wameyajaribu juu ya kiuno. Faida yake ni ya kadiri, si muujiza. Lakini hayaombi hata franka moja. Tandika mkeka. Piga magoti, weka mikono chini; inua mgongo kama paka aliyeona mbwa, kisha ushushe polepole, mara 10. Ukikaa vile vile, nyoosha mkono wa kuume na mguu wa kushoto, hesabu mpaka 5, badilisha. Lala chali, kunja magoti, inua matako, hesabu mpaka 5, shusha. Mwisho kaa juu ya visigino, paji la uso chini, upumue. Fanya kila siku majuma 6 ao 8 mbele ya kusema hayafai.

Wengine wananiambia: "Hiyo ni dini ya watu." Hapana. Kunyoosha mgongo hakuna sala ndani yake. Na ndugu Waislamu wa Kasongo wataona zoezi la mwisho linafanana na sijida wanayoijua tangu utoto. Mama nyumbani naye afanye, sababu kitunga cha mihogo na bidoni ya maji havimhurumii.

Lakini ukiona mguu unapoteza nguvu, mkojo unatoka wenyewe ao unakataa kutoka, ganzi katikati ya mapaja, homa, ao unakonda na kukohoa, acha mkeka, uende kwa muganga siku ile ile. Kifua kikuu kinaingia hata katika mifupa ya mgongo.

Na ninyi makapita: tangu 1967 Shirika la Kazi la Ulimwengu linashauri mwanamume asibebe zaidi ya kilo 55. Mfuko ukipita hapo, ugawanywe. Tena mtoe dakika 10 za mazoezi mbele ya kazi, ndani ya saa za kampuni, si katika saa ya mtu kula. Na anayesema kiuno kinamuuma asichekwe mbele ya wenzake. Kicheko hicho ndicho kinachomfanya afiche.