Base Camp Wamejenga, Hati Iko Wapi?

Kila mgeni mkubwa anayefika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, husimamishwa mbele ya kamera na kuambiwa maneno yaleyale: Uganda humpa mkimbizi kiwanja bure. Mgeni hupiga makofi, huandika ripoti, hurudi kwao ameridhika. Lakini sentensi hiyo imekatwa katikati, na kipande kilichofichwa ndicho kinachoamua maisha ya watu hapa. Kanuni ya 65 ya Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010 inaimalizia: mkimbizi anayekaa ndani ya makazi ana ruhusa ya kulima na kuchunga bila malipo, lakini ardhi hiyo hawezi kuimiliki, kuiuza, kuipangisha wala kuihamishia mtu mwingine. Serikali imempa pa kukanyaga. Nyumba haijampa.

Na nyumba zipo. Anayedhani Nakivale bado ni mahema ashuke Base Camp, mji wa makazi haya, siku yoyote ajionee: matofali ya kuchoma, mabati, milango ya chuma, maduka ya Wasomali, mashine za kusaga, saluni, mawakala wa pesa za simu, makanisa na misikiti. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia, na ni miongoni mwa makongwe kabisa barani Afrika. Wako waliozaliwa hapa, wakaoa hapa, na sasa wanawazika wazazi wao hapahapa. Kila tofali lililosimama lina aliyelilipia: kwa gunia la mahindi, kwa kibarua cha kufyatua matofali ya wengine, kwa fedha za ndugu aliyebahatika kufika Ulaya au Marekani. Hakuna mpango wowote wa serikali wa kumsaidia mtu kununua nyumba yake ya kwanza uliogusa kuta hizi. Watu wamejisaidia wenyewe, halafu sheria ikawaambia kwamba walichokijenga kimekaa hewani.

Tusidanganyane kuhusu soko. Ploti za Base Camp huuzwa na kununuliwa, tena kwa fedha nzito, na kila mwenye macho anajua. Kwa kuwa biashara hiyo imekatazwa, hufanyika kwa karatasi ya daftari, mashahidi wawili watatu, na imani. Muuzaji akihamishiwa nchi ya tatu au akirudi kwao, mnunuzi hubaki na karatasi isiyoweza kusimama mbele ya hakimu. Akija mtu na kudai eneo ni lake, mnunuzi hana pa kwenda. Aliyefiwa na mume hana cha kumwonyesha shemeji anayekuja kuhesabu mabati, maana karatasi pekee aliyonayo ni ile atestesheni ya familia anayopewa mkimbizi, na hiyo huorodhesha watu. Kuta haizitaji. Katazo halikuzuia uuzaji hata kidogo. Limeondoa ulinzi tu, na ulinzi ukiondoka anayeumia ni mjane, yatima na yule aliyeweka akiba yake yote ndani ya vyumba viwili.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema ardhi ni ya raia, lakini inamruhusu asiye raia kukodishiwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikaweka mpaka: miaka 99. Nayo Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, katika mambo ya mali, inamweka mkimbizi sawa na wageni wengine walioko nchini. Kwa hiyo mkimbizi mwenye fedha anaweza kupanda taxi, akapita Kabingo, akafika Mbarara, akakodi ardhi Kakoba au Nyamitanga kwa hati ya miaka 49 na kulala usingizi. Jirani yake wa Base Camp, aliyeishi miaka 20 juu ya ardhi ya serikali iliyompokea kwa sifa, haruhusiwi kuikodi. Mgeni mwekezaji aliyeingia jana anaweza kukodishiwa ekari kwa ekari. Bibi aliyefukuzwa Masisi, Kongo, na kujenga kwa mikono yake hawezi kukodishiwa mita 30 kwa 30 alizolala juu yake tangu wajukuu wake hawajazaliwa. Haki iliyoandikwa kwa mgeni mwenye mtaji na kufutwa kwa mgeni maskini ni dhuluma, na lazima iitwe hivyo.

Wala msituambie kwamba serikali ya Uganda haijui kumgeuza mkazi kuwa mwenye nyumba. Inajua sana. Ilipotaka wapangaji wa maghorofa ya Shirika la Taifa la Nyumba kule Bugolobi na Bukoto, Kampala, wanunue vyumba walivyokuwa wakipanga, ilikuta sheria haimruhusu mtu kuwa na hati ya chumba kilicho ghorofani. Ikatunga sheria mpya mwaka 2001, na wapangaji wakanunua. Kule Masese, Jinja, mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake wa kipato cha chini walipewa viwanja na mkopo wa vifaa vya ujenzi kwa msaada wa Denmark, wakafyatua matofali yao na kuinua nyumba zao. Hawakuwa na mishahara ya benki. Walikuwa na mikono, na serikali iliyokubali kuwawekea mpaka wa kiwanja. Jirani zetu Kenya wanakatwa asilimia 1.5 ya mshahara tangu sheria ya nyumba nafuu ya Machi 2024, na wanagombana hadharani juu ya nani atapata nyumba hizo na kwa bei gani. Ugomvi huo ni wa haki, na sisi wakimbizi bado hatujaufikia, kwa sababu jina letu halijaingia hata kwenye foleni.

Tumeambiwa tujitegemee. Tangu Julai 2023, Shirika la Chakula Duniani limewagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kulingana na uhitaji, na kundi moja likaondolewa kabisa kwenye mgawo. Nchi ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, wafadhili wamechoka, na baada ya Goma na Bukavu kutekwa na waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025 watu wameendelea kuvuka mpaka. Naielewa hesabu hiyo. Lakini anayenitaka nijitegemee na papo hapo ananikataza kuweka nyumba yangu dhamana anataka nifanye nini? Taasisi ya mikopo midogo ya UGAFODE ilifungua tawi Nakivale mwaka 2020 na kuonyesha kwamba mkimbizi hukopesheka na hulipa. Hata hivyo, mkopo mdogo wa biashara ni jambo moja, na mkopo wa miaka kumi wa kupaua, kuchimba choo cha maana na kuongeza chumba cha kupangisha ni jambo jingine. Huo wa pili huuliza hati.

Ankole, eneo ilimo Nakivale, ingepaswa zaidi ya mahali pengine popote kulijua jambo hili kwa machungu. Oktoba 1982, katika wilaya ya Mbarara ya wakati ule, watu walioitwa Wanyarwanda walifukuzwa majumbani mwao, nyumba zikabomolewa, ng'ombe wakachukuliwa. Maelfu walisukumwa kuvuka mpaka, maelfu wengine wakarundikwa Nakivale na Oruchinga, na miongoni mwao walikuwamo raia kabisa. Agosti 1990, suala la kugawa ardhi ya ranchi za Mawogola lilipojadiliwa bungeni na ikawa wasio raia hawatagawiwa ardhi, vijana wengi wa kikimbizi waliopigana vita vya msituni kuiweka serikali ya wakati huo madarakani walielewa kwamba Uganda hawana kwao. Wiki chache baadaye, tarehe 1 Oktoba, waliingia Rwanda na bunduki. Msomi Mahmood Mamdani ameandika kwa kirefu juu ya uhusiano wa mambo hayo mawili, na yeyote anayesema ardhi ya mkimbizi ni suala dogo la kamanda wa makazi akamsome.

Sasa niwageukie ndugu zangu wa Isingiro, kwa heshima zote, maana bila nyinyi hoja hii haina miguu. Mnasema: mbona sisi wenyeji hatuna hati, nyinyi mpewe? Mnasema kweli. Wako wananchi walioishi pembezoni na ndani ya Nakivale kwa vizazi, nao wanaitwa wavamizi kwenye nyaraka za serikali. Ukame wa Isingiro unawapiga nyinyi kama unavyotupiga sisi, na kuni tunazokata ni za vilima vyenu. Ndiyo maana sitaki mpimaji aje kwa mkimbizi peke yake. Sera ya Uganda yenyewe inataka karibu asilimia 30 ya misaada ya wakimbizi iwafikie wenyeji. Basi mpimaji huyohuyo, kwa gari hilohilo na bajeti hiyohiyo, aweke alama za mipaka pande zote mbili: mwenyeji apate hati ya umiliki wake, mkimbizi apate hati ya kukodishiwa. Ardhi ibaki ya Uganda. Kodi ya ardhi tutakayolipa kila mwaka iende wilayani Isingiro, kwenye barabara na visima tunavyovitumia wote. Leo wilaya haipati hata shilingi moja ya kodi ya ardhi kutoka kwenye ploti zetu.

Wapo watakaosema mkimbizi akipata hati hatarudi kwao. Wamtazame Mrundi wa mwaka 1972 aliyepokewa Katumba, Mishamo na Ulyankulu nchini Tanzania. Tanzania iliwapa uraia watu wapatao 162,000, lakini kwanza iliwataka wazihame nyumba zao na kutawanywa mikoani. Mambo yakakwama kwa miaka, na vyeti havikutolewa hadi 2014, baada ya sharti hilo kuachwa. Mtu aliyejenga hang'olewi kwa amri. Huondoka kwa hiari akiwa na cha kuondokea. Mwenye hati anaweza kuuza kihalali akapata nauli na mtaji wa kuanzia Rutshuru, Kongo, au Makamba, Burundi. Asiye nayo ama huacha kila kitu bure ama hukaa palepale akiogopa kupoteza. Na kuwangoja wakimbizi wote wawe raia kwanza ni kuwazungusha: Mahakama ya Katiba ilisema mwaka 2015 kwamba mkimbizi anaweza kuomba uraia wa tajnisi, lakini mlango huo umebaki mwembamba mno.

Ninachodai kinafanyika. Ianzwe Base Camp, kwa kuwa hapo tayari ni mji. Kila kaya ipewe hati ya kukodishiwa ya miaka 49 kwa ploti inayokalia, majina ya mume na mke yote mawili yakiwa juu yake. Gharama ilipwe kidogokidogo kwa simu, kwa muda mrefu, na wazee na wagonjwa wasamehewe. Fedha ambazo mashirika huzimwaga kila mwaka kwenye maturubai yanayooza zikopeshwe kama mabati na saruji kwa mwenye hati. Mauzo yaruhusiwe na yaandikishwe, ili asiwepo mtu wa kuuza kiwanja kwa mdomo asubuhi na kumgawia mwingine jioni. Kazi hii haishindi uwezo wa serikali. Kati ya Machi na Oktoba 2018, Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR waliwahakiki wakimbizi zaidi ya milioni moja kwa alama za vidole na mboni za macho. Waliopima macho ya watu milioni wanaweza kupima pembe nne za ploti.

Mheshimiwa Waziri, kanuni ya 65 haikupigiwa kura na Bunge. Iliwekwa kwa sahihi ya waziri mwenye dhamana ya wakimbizi, na waziri mwenye dhamana ana mamlaka ya kuibadilisha. Katiba tayari imeruhusu, Sheria ya Ardhi imeruhusu, na watu wamekwisha kujenga. Tunangoja sahihi yako.