Tembo ni wa taifa, hasara ni ya Malolo?

Jamani, leo naomba niseme ya moyoni kuhusu tembo.

Wengi wetu wa mjini tunaujua Mto Rufiji kwa picha: mto mpana unaopindapinda kwenye mchanga, unaohama njia na kuacha nyuma maziwa kama Tagalala na Manze, viboko majini, tembo ukingoni. Mwaka 1982 UNESCO iliitangaza Selous kuwa urithi wa dunia. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tukapiga makofi.

Na uhifadhi siupingi hata kidogo. Katikati ya miaka ya 1970 tembo wa Selous walikuwa zaidi ya 100,000. Sensa ya 2013 ikakuta kama 13,000 tu. Majangili walitutia aibu, na mwaka 2014 Selous ikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Lakini tembo hasomi ramani. Ukitoka Selous kuelekea kusini-mashariki unaingia Liwale, halafu Nachingwea na Ruangwa. Nilipokuwa Malolo nilijikuta naulizwa swali moja: hawa tembo ni wa nani? Wakiwa porini ni wa taifa. Wakiingia kwenye mahindi usiku ni wa mkulima, apige madebe mpaka kunakucha.

Serikali inalipa, ndiyo. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, mwisho ekari 5, na milioni 1 mtu akiuawa. Jina lenyewe linakiri: kifuta jasho, kifuta machozi. Si fidia. Ada ya shule hailipwi kwa kitambaa cha kufutia machozi.

Maoni yangu ni haya. Rufiji na pori lake vinaliingizia taifa fedha za watalii na wawindaji, na tangu 2024 bwawa la Nyerere linatupa umeme. Basi anayelala shambani kuwalinda mahindi na ufuta wake alipwe fidia kamili, kwa bei ya soko, kabla ya msimu unaofuata. Na askari wa wanyamapori wakae karibu na vijiji, wasisubiri kupigiwa simu.

Tusipofanya hivyo, jangili akifika Malolo kuulizia njia ya tembo, nani atamkatalia?

Wewe mwenzangu unaonaje?