Barua ya Kampuni ya Bima Si Hukumu ya Korti

Kijana mmoja wa steji yetu alimgonga mama muuza mahamri asubuhi, yuko mbio kuwahisha abiria wawili kazini. Mama akavunjika mguu. Boda ilikuwa na bima, hilo alhamdulillah. Lakini kijana akaogopa, akakaa wiki tatu bila kuripoti. Alipokwenda ofisini kwao hatimaye, akapewa barua ya ukurasa mmoja: umechelewa kuripoti, tena ulizidisha abiria, kwa hivyo kampuni haihusiki na ajali hii.

Akaikunja, akaitia mfukoni, akaanza kuulizia bei ya kuuza pikipiki. Na yule mama alipoonyeshwa barua akasema Mungu yupo, akanyamaza.

Hapo ndipo nilipokasirika. Watu wawili wameachilia haki kwa sababu ya karatasi iliyoandikwa na upande mmoja wa mzozo! Ile barua ni msimamo wa kampuni tu. Hakuna hakimu aliyeitia sahihi.

Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, wengi tunaijua kwa jina la stika ya polisi barabarani. Lakini haikutungwa kumridhisha polisi. Ilitungwa kwa ajili ya huyo mama: mtu wa tatu, ambaye hakununua bima, hakuchagua kampuni wala hakusoma masharti. Kwa hivyo sheria inamkinga dhidi ya mapatano ambayo hakuwapo yalipofanywa. Kifungu cha 8 kinasema sharti la kuiondolea kampuni jukumu kwa sababu ya jambo lililofanywa au lililoachwa baada ya ajali, kama kuchelewa kuripoti, halina nguvu dhidi ya aliyeumia. Kifungu cha 16 kinataja mengine ambayo kampuni haiwezi kujifichia: umri wa dereva, hali ya chombo, idadi ya watu waliobebwa, saa za safari.

Soma tena ile barua. Sababu zote mbili zilizoandikwa mle zinaangukia humo humo.

Sasa usije ukasherehekea mapema, wewe mwenye boda. Kampuni ikishamlipa mama kwa sababu imelazimishwa na sheria, inaweza kukugeukia wewe ikudai pesa zake, kwa kuwa masharti uliyavunja ni wewe. Ngao hiyo ni ya aliyeumia. Na aliyeumia naye ana kazi yake: kampuni lazima ijulishwe kuhusu kesi kabla haijafunguliwa, au muda mfupi tu baada ya kufunguliwa. Wakili akisahau notisi hiyo, hukumu unaweza kushinda na bado bima isilipe. Kesi yenyewe ina miaka 3 tangu siku ya ajali. Ikipita, umeumia bure.

Kuna kosa jingine ambalo kwa kweli linatumaliza, nalo tunalifanya siku ya kununua. Wakala anakwambia, "Andika matumizi ya binafsi, ni bei rahisi." Unaandika. Kisha unabeba abiria kutoka alfajiri mpaka usiku. Sheria hailazimishi bima ya chombo cha binafsi imkinge abiria anayebebwa humo. Inalazimisha kwa chombo kinachobeba watu kwa malipo. Kwa hivyo ukianguka na abiria nyuma, yeye hana bima na wewe huna bima, ila stika iko. Tena ukidanganya jambo la maana kwenye fomu, kampuni inaweza kwenda kortini kuomba itangazwe kwamba bima hiyo ni batili. Hata hapo lakini iende kortini, ndani ya miezi 3 tangu kesi ya aliyeumia ianze. Barua pekee haitoshi.

Halafu kuna ile karatasi ya "malipo kamili na ya mwisho". Jamaa wanakuja mgonjwa bado ana plasta, wana hundi mkononi, wanasema tia sahihi hapa tumalize. Ukitia, kufungua tena ni kazi ngumu sana. Mguu haujapona, daktari hajasema kama kutakuwa na operesheni ya pili, sasa umejuaje kwamba hayo ni malipo ya mwisho?

Na kampuni zenyewe zinakufa. United mwaka 2005, Blue Shield 2011, Invesco 2024, zote zilikuwa na magari ya abiria tele. Kampuni ikianguka, waliokuwa na hukumu mkononi hukaa wakingoja miaka, na mwenye matatu hulala akiwaza madalali. Upo mfuko wa fidia wa wenye bima, lakini kwa miaka mingi kikomo chake kimekuwa shilingi 250,000. Linganisha na milioni 3, ambayo ndiyo juu kabisa bima ya lazima inapofika kwa mtu mmoja aliyeumia. Inayozidi hapo inakuhusu wewe mwenye chombo.

Wengine mtaniambia, sisi tuko takaful. Vizuri. Takaful iko Kenya tangu 2011 na msingi wake ni kusaidiana, lakini barabarani inafuata Sura ya 405 hiyo hiyo. Fomu ni fomu.

Pa kwenda papo. Malalamiko dhidi ya kampuni hupelekwa kwa IRA, mamlaka inayosimamia bima. Kwa madai yasiyozidi milioni 1 kuna Korti ya Madai Madogo, ambayo inasikiliza hata fidia ya majeraha, unaweza kujisemea bila wakili, na sheria inaitaka imalize ndani ya siku 60. Mguu wa mama muuza mahamri unaweza kuingia humo kabisa.

Kijana nimemzuia asiuze pikipiki kwanza. Jumatatu tunakwenda naye kwa mama, na ile barua, tumwonyeshe kifungu cha 8 na cha 16 kwa macho yake. Ajali ilikuwa Januari, muda bado anao.