Hello World ya kaboni, na mawe yetu ya msingi

Nimekuwa kimya kwa muda. Leo nimerudi na hasira.

Ukitoka hapa Machakos hadi Kyumvi, kisha ukageukia upande wa Mombasa, utafika Konza. Rais Kibaki alizindua ujenzi wa mji huo wa teknolojia Januari 2013, kwenye ekari 5,000. Huko ndiko ilikopangiwa taasisi ya Kenya-KAIST, kwa mkopo wa Korea Kusini. Tangu hapo ukitaja ushirikiano wa kimataifa katika utafiti, mtu anakuonyesha picha ya jengo. Jamani, jengo si utafiti!

Chukua nanotyubu za kaboni, zile zinazotarajiwa kusaidia silikoni siku moja. Ni karatasi ya atomi za kaboni iliyokunjwa kama mkeka, upana wake nanomita moja hivi. Ukiukunja mkeka wima unapata kitu kimoja, ukiukunja kishoroba unapata kingine: takriban theluthi moja hupitisha umeme kama metali, zilizobaki ni semikondakta. Ile ya metali haizimiki. Ikiingia kwenye saketi, inaharibu hesabu.

Mwaka 2019 watafiti wa MIT walitengeneza prosesa ya biti 16 yenye transista zaidi ya 14,000 za nanotyubu. Iliandika nini? Hello, World! (Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.) Sasa sikiliza vizuri. Kusafisha nanotyubu kwa kiwango kilichodhaniwa kuhitajika, asilimia 99.999999, kulikuwa hakuwezekani. Walifanya nini? Walipiga hesabu kwenye tarakilishi, wakaona mipangilio fulani ya saketi huvumilia metali, wakabuni prosesa kwa kuifuata. Asilimia 99.99 ikatosha. Kazi ya mwandishi wa programu hiyo!

Na sisi tulishaionja kazi ya namna hii. Mwaka 2012 shule ya ASESMA, inayokutanisha wanafizikia wa Afrika na walimu wa ng'ambo, ilifanyika Eldoret. Walifundishwa kukokotoa tabia za elektroni kwa Quantum ESPRESSO, ambayo ni programu huria. Hakuna aliyekata utepe wa ekari 5,000. Wangapi kati yenu mliisikia?

Mtaniambia Korea nayo ilianza kwa mkopo. Kweli, KAIST ilianzishwa mwaka 1971 kwa mkopo wa Marekani wa dola milioni 6. Lakini wanafunzi wake walilipiwa masomo na kusamehewa jeshi kwa sheria, ndiyo maana vijana wakali walibaki nyumbani. Sisi tumeiga mkopo. Masharti ya mwanafunzi yako wapi? Nani atalipa fundi wa mashine mwaka wa tano, wafadhili wakishaondoka?

Basi msingoje. Nanotyubu huitwa kwa namba mbili, n na m. Toa m kwenye n. Ikigawanyika kwa 3 bila baki, hupitisha umeme kama metali au karibu sawa nayo. Ikibaki, ni semikondakta. (9,0) na (10,0) zimepishana kwa namba moja tu, na zina tabia tofauti kabisa. Mistari kumi ya Python inatosha kuchora nishati za elektroni zake. Yangu inafanya kazi kwenye laptopu ya mtumba. Anayetaka msimbo aniandikie, nitamtumia leo leo.