Bangi na upasuaji wa urembo: Anayemficha daktari ajitia hatarini

UPASUAJI wa urembo si jambo geni tena humu nchini. Kuna wakati ambapo aliyetaka kupunguzwa mafuta ya tumbo, kukazwa ngozi ya uso au kuongezwa matiti alilazimika kufunga safari ya ng'ambo. Siku hizi huduma hizo zinapatikana Nairobi, na matangazo yake yametapakaa katika mitandao ya kijamii.

Sambamba na hayo, matumizi ya bangi yameongezeka. Utafiti wa Mamlaka ya Kitaifa ya Kupambana na Pombe na Dawa za Kulevya (NACADA) wa mwaka 2022 ulikadiria kuwa Wakenya 518,807 wa umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakitumia bangi. Kwa hivyo, ni bayana kwamba miongoni mwa wanaolazwa kwenye kitanda cha upasuaji wa urembo wamo watumiaji wa mmea huo. Swali ni je, daktari anayeshika kisu anajua?

Aghalabu hajui. Mgonjwa huulizwa iwapo anavuta sigara, iwapo anakunywa pombe na iwapo ana mzio wa dawa yoyote. Kuhusu bangi, daktari huona haya kuuliza naye mgonjwa huogopa kusema. Kimya hicho ndicho chanzo cha hatari nyingi ambazo zingeepukika.

Tuanze na nusukaputi, yaani dawa anayopewa mgonjwa ili alale na asihisi maumivu. Mwaka 2019 madaktari katika jimbo la Colorado, Marekani, ambako uuzaji wa bangi kwa watu wazima ulianza kuruhusiwa mwaka 2014, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa rekodi za wagonjwa 250 waliopewa dawa za usingizi ili matumbo yao yachunguzwe kwa kamera. Waliokuwa wakitumia bangi mara kwa mara walihitaji dawa ya propofol kwa kiwango cha asilimia 220 zaidi ya wenzao. Midazolam iliongezeka kwa asilimia 20 na fentanyl kwa asilimia 14. Ni kweli kwamba watumiaji hao walikuwa 25 pekee. Hata hivyo, walichokiona madaktari hao kinaoana na yale ambayo wataalamu wa nusukaputi wamekuwa wakiyashuhudia kwingineko.

Maana yake ni nini? Daktari asiyejua kwamba mgonjwa wake ni mraibu wa bangi atampimia dawa kwa kiwango cha kawaida. Mgonjwa huenda asilale ipasavyo, au akaanza kugutuka kabla ya kazi kumalizika. Daktari atalazimika kuongeza dawa kwa pupa, ilhali dawa hizo zikizidi hushusha shinikizo la damu na kudhoofisha upumuaji. Naye aliyevuta saa chache kabla ya upasuaji anaweza kukumbwa na kinyume chake, kwani bangi iliyo mwilini huweza kuungana na dawa za usingizi na kumlemea.

Hatari ya pili inahusu moyo. Bangi huongeza kasi ya mapigo ya moyo punde tu inapovutwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Circulation, uliowahusisha wagonjwa 3,882 waliopatwa na mshtuko wa moyo nchini Marekani, ulibainisha kwamba uwezekano wa kupatwa na mshtuko huo huongezeka karibu mara tano katika muda wa saa moja baada ya kuvuta bangi. Katika upasuaji wa kupunguza mafuta, aghalabu daktari humdunga mgonjwa maji mengi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na adrenalini ili damu isimwagike ovyo. Adrenalini nayo huuchochea moyo. Moyo uliokwisha kuchochewa na bangi, ukiongezewa mchocheo mwingine, unaweza kulemewa.

Tatu ni njia ya hewa. Moshi wa bangi hukera koo na mapafu jinsi ule wa sigara ufanyavyo. Mvutaji hukohoa, hutoa makohozi mengi, na koo lake huweza kufura au kubana ghafla wakati daktari anapoingiza mpira wa kupumulia. Wanaodhani kwamba wameepuka balaa hii kwa kula keki au biskuti zilizotiwa bangi nao wana lao la kutafakari. Mgonjwa hutakiwa kukaa saa kadhaa bila kula kabla ya kupewa nusukaputi, ili chakula kisipande na kuingia mapafuni. Mwenye kula keki ya bangi asubuhi ya upasuaji amevunja sharti hilo. Isitoshe, bangi iliyoliwa huchelewa kufanya kazi na hudumu mwilini kwa muda mrefu kuliko iliyovutwa. Anaweza kuingia akiwa timamu, ikamlevya akiwa tayari kitandani.

Hatari ya nne ndiyo inayogusa urembo wenyewe. Katika kukaza ngozi ya uso au ya tumbo, daktari huibandua ngozi, huivuta na kuishona upya. Ngozi hiyo hutegemea mishipa midogo ya damu ili isife. Moshi wa bangi una kaboni monoksaidi, gesi inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Wengi pia huchanganya bangi na tumbaku katika msokoto mmoja, na nikotini ya tumbaku huibana mishipa hiyo midogo. Ngozi ikikosa damu na oksijeni ya kutosha hugeuka nyeusi na kufa, kidonda hukawia kupona na kovu huwa baya. Aliyetaka kupendeza huishia kuficha uso. Ndiyo sababu madaktari wengi wa upasuaji huu huwataka wavutaji wa sigara kuacha angalau wiki nne kabla ya upasuaji na kutorejelea hadi kidonda kipone. Anayevuta bangi hana sababu ya kudhani kwamba sharti hilo halimhusu.

Kuna wanaosema kwamba bangi huondoa maumivu, hivyo itawafaa baada ya kushonwa. Waama, wataalamu wameona kwamba watumiaji wa bangi wa kila mara mara nyingi hulalamikia maumivu makali zaidi baada ya upasuaji na huhitaji dawa nyingi zaidi za kuyatuliza. Tena aliyezoea kuvuta kila siku akiacha ghafla hukosa usingizi, hutokwa na jasho na huwa na hasira. Ni heri dalili hizo zimpate akiwa nyumbani wiki kadhaa mapema kuliko akiwa na mishono mwilini.

Mnamo Januari 2023, shirika la wataalamu wa nusukaputi na tiba ya maumivu la Marekani (ASRA) lilitoa mwongozo unaopendekeza kwamba kila mgonjwa anayepewa nusukaputi aulizwe kuhusu bangi: anatumia aina gani, kwa njia gani, kiasi gani, mara ngapi na lini mara ya mwisho. Shirika hilo lilipendekeza upasuaji usio wa dharura ucheleweshwe kwa angalau saa mbili baada ya mtu kuvuta, na uahirishwe kabisa iwapo akili yake imevurugika. Aliyelewa hawezi kutoa idhini ya kupasuliwa.

Zingatia maneno hayo, upasuaji usio wa dharura. Aliyevunjika mguu kwenye ajali ya matatu hana budi kupasuliwa hata kama amevuta. Lakini pua, tumbo na matiti vinaweza kusubiri mwezi mmoja au hata miwili bila madhara. Kliniki inayomharakisha mteja kwa sababu amekwisha kulipa inauza bidhaa, haitibu.

Hapa nchini kuna kizingiti ambacho Colorado haina. Bangi imepigwa marufuku na sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya, na anayeipatikana nayo huweza kufungwa au kutozwa faini. Si ajabu basi kwamba mgonjwa hufunga kinywa. Hata hivyo, daktari si polisi. Siri ya mgonjwa inalindwa na maadili ya udaktari, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Madaktari wanapaswa kumweleza mgonjwa hivyo waziwazi kabla ya kumuuliza.

Oktoba 2024, kifo cha mwanamke mmoja baada ya kupunguzwa mafuta katika kliniki ya Nairobi kilizua kilio kuhusu usimamizi wa huduma hizi. Kisa hicho hakihusiani na bangi, ila kilidhihirisha kwamba upasuaji wa urembo ni upasuaji kama mwingine wowote, na unaweza kuua. Baraza la Madaktari na Wataalamu wa Meno (KMPDC) lingefanya vyema kuzitaka kliniki zote za urembo ziwe na orodha ya maswali ya lazima, la bangi likiwemo, na mtaalamu wa nusukaputi wa kuyasoma majibu.

Kwa upande wake, anayepania kupasuliwa aseme ukweli wote, na mapema. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.