Sahihi ya mzazi haisomi

Mwandishi, katika makala yako umewasifu walimu wa shule zetu za Kikatoliki huku Meru na Embu, na wanastahili. Ila suala la kusoma nyumbani umelipita mbio. Mwanangu yuko Gredi ya 2. Kila jioni dayari yake ya shule inasema asome dakika ishirini, mzazi atie sahihi. Asome nini? Vitabu vya hadithi vimefungiwa kabatini shuleni visije vikapotea! Nami, nakiri, nilitia sahihi nyingi bila kumsikiliza.

Kuanzia mwaka 2015 mradi wa usomaji wa Tusome ulileta vitabu vya Kiswahili na Kiingereza kwa madarasa ya chini, kila mtoto na chake. Kitabu cha kutunzwa mpaka kizeeke kikiwa kipya kina faida gani?

Nyumbani kwetu aliyeokoa jahazi ni mama yangu. Kiingereza hajui, ila kitabu chake cha sala cha Kimeru anakisoma bila kukwama. Mjukuu akawa anamsomea kitabu hicho jioni chai ikichemka, wakibishana kuhusu maneno. Mtaala wenyewe unataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, lakini shule nyingi huanza na Kiingereza moja kwa moja kwa kuwa sisi wazazi ndio tunaokidai.

Walimu wakuu, fungueni makabati hayo Ijumaa, watoto waje na vitabu nyumbani. Kitabu kikirudi na doa la chai, msituitie mkutano.