Tunaomba kompyuta na mtu wa kutuelekeza kwenye ofisi za kata



Nina dukuduku linalotusumbua wazazi wengi wa Pasua, Njoro na Msaranga katika Manispaa ya Moshi, pamoja na ndugu zetu wanaoshuka kutoka Uru, Kibosho na Old Moshi kufuata huduma mjini.

Siku hizi leseni ya biashara inaombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Kikundi cha akina mama kinachotaka mkopo utokanao na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri nacho kinaambiwa kiingie kwenye mfumo. Mkopo wa elimu ya juu, ajira serikalini, vyote mtandaoni. Sipingi. Foleni na njoo kesho za zamani zilitutesa. Tatizo ni kwamba tumehamishiwa mtandaoni bila kuulizwa nani anacho kifaa na nani anajua kukitumia.

Anayetuokoa ni kijana wa steshenari. Simlaumu, maana bila yeye wengi tungekwama. Lakini tazama kinachofanyika pale. Mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni anamtajia namba yake ya NIDA, namba ya simu na majina ya wanawe, watu wengine wakisikiliza. Barua pepe anafunguliwa, nywila anatungiwa, naye anaondoka na karatasi tu. Binti wa jirani yangu alijaziwa fomu ya mkopo kwa mtindo huo. Alipotakiwa kurekebisha taarifa, kijana alikuwa ameshahama na nywila hakuna aliyeijua. Dirisha la maombi likafungwa. Binti huyo alikuwa amefaulu vizuri, na mwaka ule hakwenda chuo.

Wapo watakaosema mtandao umeshafika. Ni kweli. Agosti 2022 Nape Nnauye, aliyekuwa Waziri wa Habari wakati huo, alizindua intaneti ya TTCL kituo cha Horombo kwenye Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na kabla mwaka haujaisha ikafika kilele cha Uhuru. Nilifurahi, kwa sababu wapagazi na waongoza watalii ni watoto wetu, na mawasiliano huko juu ni uhai wao. Ila mnara haumsaidii mwenye kitochi, aliyeishiwa bando na asiye na wa kumwelekeza. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika kila mara.

Ombi langu kwa Manispaa ni hili: kila ofisi ya kata iwe na kompyuta mbili, printa, intaneti isiyolipiwa, na mtu aliyefundishwa, anayewajibika kutunza siri za wananchi. Chuo Kikuu cha Ushirika kipo hapa hapa Moshi, na wanafunzi wake wa TEHAMA wanahitaji mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Fedha zianzie kwenye ushuru na ada tunazolipa kupitia mifumo hiyohiyo. Moshi imesifiwa nchi nzima kwa usafi kwa sababu halmashauri iliamua, ikatunga sheria ndogo na kuzisimamia. Uwezo wa kuamua upo.

Halmashauri ya Wilaya ya Moshi nayo isisubiri, kwani mzee wa Kibosho hulipa nauli kwenda na kurudi kwa ajili ya fomu moja.

Madiwani wetu, bajeti itakapofika mezani lisemeni jambo hili, na mkurugenzi atutajie kata zitakazoanza na mwezi zitakapoanza.

Mzazi,
Pasua, Moshi